Maoni: Fundi asiyeandika hatua anapoteza barua za watu

Mama aliyekimbia Rutshuru akafika Goma hana haja ya kujua programu gani inapokea barua pepe za shirika lililoandika jina lake. Yeye anangoja tu simu iite: jetoni ya chakula, jibu la shule, habari ya mtoto aliyepotelea njiani. Lakini jina lake linaweza kutoka ofisi ndogo kwenda ofisi kubwa kwa barua pepe. Barua hiyo ikikwama, hakuna atakayemueleza sababu. Ataambiwa tu kwamba jina lake halimo kwenye orodha.

Mashirika yenye seva yao wenyewe mara nyingi hutumia programu mbili za bure. Postfix inatuma na kupokea barua. Dovecot inazitunza na kumfungulia mwenye sanduku lake. Mwezi wa kwanza mwaka 2025, mwezi ule ule Goma ilipoingia katika vita na watu wa kambi za Kanyaruchinya na Bulengo wakaanza kutawanyika, Dovecot 2.4 ilitoka. Toleo hilo halikubali faili ya mipangilio ya 2.3. Mstari wa kwanza lazima utaje toleo la mipangilio, la sivyo programu haianzi. Mstari wa zamani ulioonyesha mahali barua zinapokaa umegawanywa. Na kazi ya kunakilisha barua yenyewe, bila kuamriwa kila mara, kati ya seva mbili imeondolewa.

Mwezi wa nane mwaka huo Debian 13 ilitoka ikiwa na Dovecot 2.4. Fundi anayepandisha Debian 12 jioni bila kusoma anaweza kuamka asubuhi na kukuta hakuna mtu anayefungua sanduku lake.

Watengenezaji wasilaumiwe bure. Waliandika mwongozo wa kuhama kutoka 2.3 kwenda 2.4. Shida ni kwamba uko kwa Kiingereza, na mafundi wengi wa Kivu walisomea kwa Kifaransa. Postfix ilionyesha njia ya upole zaidi: tangu toleo 3.0 la mwaka 2015, inaendelea kufanya kazi kama zamani huku ikimwandikia fundi onyo, mpaka yeye mwenyewe akubali mabadiliko.

Wengine watasema: basi toleo la zamani libaki. Hapana. Toleo lisilorekebishwa tena ni mlango usio na kufuli, na nyuma ya mlango huo kuna majina ya watu waliokimbia na mahali wanapolala. Katika Kivu, orodha kama hiyo ikiangukia mikono mibaya inaweza kuua.

Kwa hiyo kuhama ni lazima, na kuandika hatua ni lazima pia. Mwongozo wa watengenezaji haujui seva ya ofisi fulani ilivyopangwa. Anayejua ni fundi wake, na vita imefundisha kwamba fundi naye hukimbia, akibeba kila kitu kichwani.

Karatasi ya kuhama haihitaji kuwa ndefu. Iseme toleo lililopo na lile linalokuja. Iseme nakala ya barua na ya mipangilio iko wapi, na nani aliijaribu kuona kama inafunguka. Iseme jaribio lilifanyika kwenye mashine nyingine kwanza. Na iseme namna ya kurudi nyuma, pamoja na saa ya kuamua kurudi.

Iandike pia jambo moja ambalo wengi hawalijui: seva ikizimwa kwa saa chache, barua kwa kawaida hazipotei. Postfix ya mtumaji, ikiwa haikubadilishwa, hujaribu tena hadi siku 5. Hatari kubwa ni seva inayowaka ikiwa imepangwa vibaya, inayojibu kwamba sanduku halipo. Hapo mtumaji anarudishiwa barua yake papo hapo, na hajaribu tena.

Karatasi hiyo ichapwe kwa Kifaransa na kwa Kiswahili, nakala moja ikae kwa mtu wa pili ofisini, bila maneno ya siri ndani yake. Na kiongozi wa shirika, kabla ya kumlipa fundi, aulize swali moja tu: karatasi iko wapi? Mama wa Rutshuru hawezi kuuliza swali hilo. Kiongozi anaweza.