FUTARI YA HALALI NDANI YA SASHE?

Bismillaahir Rahmaanir Rahiim.



Ndugu zangu Waislamu, wazazi na wanafunzi, Ramadhani iliyopita nilikuwa miongoni mwa waliofungasha futari ya sadaka katika msikiti mmoja hapa Buyenzi, Bujumbura. Pilau liliepuliwa baada ya Swala ya Alasiri. Tulilichota likifuka moshi, tukalitia katika mifuko ya plastiki, hizi tunazoziita sashe, tukapiga fundo na kuzipanga juu ya jamvi kungoja Magharibi. Sambusa tulizitoa karaini na kuzitia moja kwa moja katika vile visanduku vyeupe vya povu. Ilipoadhiniwa nikafungua kisanduku changu, nikakuta chini pamenywea na kutoboka pale sambusa zilipokaa. Je, lile povu lilikwenda wapi? Nilikula tende, nikanywa maji, nikanyamaza. Kwa hiyo haya ninayoyasema naiambia nafsi yangu kwanza.

Sisi Waislamu ni hodari wa kuuliza habari ya halali. Nani kachinja? Kaelekea Qibla? Jeli hii ina mafuta ya nguruwe? Tunafanya vyema kuuliza. Lakini Allah (Subhaanahu wa Ta'ala) katika Suratul Baqarah, aya ya 168, ametuamrisha tule kilicho halali na kilicho twayyib, na ameyataja yote mawili pamoja. Twayyib ni kizuri, kisafi, kisichomdhuru mlaji. Iweje basi tuhangaike na kisu cha mchinjaji wiki nzima, kisha nyama ile ile tuivike kitu tusichojua kimetengenezwa kwa nini?

Wapo wanaosema, "Ustadh, acha wasiwasi, piga Bismillah ule." Nawaheshimu, lakini Bismillah si ruhusa ya uzembe. Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) alituamrisha kufunika vyombo vyetu usiku, na Hadith hiyo imo katika Bukhari na Muslim. Dini iliyojishughulisha na kifuniko cha chungu itanyamaza vipi juu ya mfuko unaogusana na wali wa moto?

Wataalamu wanaeleza kwamba kemikali zilizomo katika plastiki huhamia kwenye chakula, na huhama zaidi panapokuwa na joto, mafuta, uchachu na muda mrefu. Sasa itazameni futari yetu. Ni ya moto, ina mafuta, imekamuliwa ndimu, na inakaa imefungwa tangu Alasiri mpaka Magharibi, karibu saa tatu. Yote manne tumeyakusanya ndani ya sashe moja! Sashe nyeusi ndizo mbaya zaidi, kwa sababu nyingi hutengenezwa kwa plastiki chakavu zilizoyeyushwa upya, na muuzaji mwenyewe hajui zilibeba nini kabla ya wali wako. Na lile povu jeupe ni plastiki iitwayo polistirini, huanza kulainika kwenye nyuzi joto kama 100, ilhali mafuta ya kukaangia sambusa hupita 160. Halafu kuna suala la wali wenyewe. Shirika la Afya Duniani linashauri chakula kilichopikwa kisikae zaidi ya saa mbili bila kuwekwa kwenye baridi au kuhifadhiwa kikiwa cha moto, juu ya nyuzi 60. Mfungaji anaamka na tumbo la kuendesha, tunamwambia alikula kwa pupa.

Mwingine atasema basi turudi kwenye gazeti kama zamani. Hapana. Wino wa gazeti haukutengenezwa uliwe, na mwaka 2016 mamlaka ya usalama wa chakula ya India iliwaonya watu wake kuhusu jambo hili hili. Kwetu sisi lipo zito zaidi. Siku moja niliokota mtaroni kipande cha karatasi kilicholowa mafuta ya maandazi. Kilikuwa na Basmala, kwa mwandiko wa mtoto. Lilikuwa daftari la chuo! Enyi wazazi, daftari za chuo zikijaa mnazipeleka wapi? Kama mnawauzia wafunga karanga, basi jueni Jina la Allah linakanyagwa kwa mkono wenu.

Tena kuna sheria. Amri ya kukataza mifuko ya plastiki Burundi ilitiwa saini Agosti 2018, watu wakapewa miezi 18, ikaanza kutumika Februari 2020. Majirani zetu wa Rwanda walikataza mifuko hiyo tangu 2008, na mwaka 2019 wakaongeza vyombo vya plastiki vya kutumia mara moja. Kumtii mwenye mamlaka katika jambo lisilo maasi ni wajibu, na hilo tunalifundisha darasani. Kisha tunakwenda kununua sashe kwa kificho ili tufungie sadaka. Asubuhi ya Ramadhani piteni avenyu zetu mtazame mitaro. Mvua ikinyesha zile sashe huingia mto Ntahangwa, na Ntahangwa huingia ziwa Tanganyika, ambako tunavua ndagala na ambako yanachotwa maji ya bomba ya mji huu, yale yale tunayotawadhia.

Nimeyasema haya kwa wanaopanga futari, nikajibiwa kwamba sashe ni rahisi na foleni itakuwa ndefu. (Fedha za mabango ya kukaribisha Ramadhani zilipatikana, nayo ni plastiki vile vile.) Nikasema kila mtu aje na bakuli lake lenye kifuniko. Akiwa na la plastiki, aligeuze atazame pembetatu chini yake: namba 5 huvumilia joto, namba 6 ndiyo polistirini, namba 1 ni ya chupa za maji, msitie chai ya moto. Asiye na chombo tumpe kwenye jani la mgomba lililopitishwa motoni, maana migomba Burundi haijatuishia. Na wanaobaki msikitini wale kwenye sinia, kwa pamoja, ambayo ndiyo Sunna tuliyoiacha.

Hapo mzee mmoja akasema neno lililonichoma. Alisema maskini ataona haya, kwa sababu kuja na bakuli ni kutembeza bakuli. Ni kweli, wala silipuuzi hilo. Ndiyo maana nasema wa kwanza kupanga foleni na bakuli mkononi wawe imamu, mahaji, wafanyabiashara na sisi walimu, siku ya kwanza kabisa, mbele ya watu, kabla ya maskini yeyote kuambiwa alete la kwake. Bakuli langu ni la bati, nimeshaliandika jina.

Wabillaahi tawfiiq.