Sidi ni kitunga, si ghala

Mwezi huu nataka kuungama mbele yenu kosa langu mwenyewe, maana naona nyumba nyingi ziko karibu kulifanya.

Mwaka 2006, nilipotoka shule ya Biblia, niliwekwa kuwa karani wa kanisa moja hapa Goma. Kitabu chetu cha ndoa kilikuwa kimelowa mvua na kuliwa na panya. Kijana mmoja akapiga picha kila ukurasa, akaenda kugrave yote kwenye sidi moja huko Birere. Nilifurahi sana! Kitabu kizito kimekuwa kitu chembamba cha sentimeta 12. Kile kibovu nikakichoma pamoja na takataka. Sidi nikaiweka dirishani, pale jua la asubuhi linapopiga.

Mwaka 2014 akaja mama mjane. Bwana yake alikuwa amefia kwenye shimo la koltani kule Masisi. Ndugu za marehemu walitaka kumfukuza kwenye parseli, wakisema hakufunga ndoa. Wazee wa familia wakaamua: kitabu cha kanisa kikionyesha jina lake, atabaki pale na watoto wake. Tukatia sidi kwa ordinatere. Ikazunguka, ikalia, ikanyamaza. Kijana akaniangalia: "Pasta, humu hamuna kitu tena."

Kwa nini? Sidi ya nyimbo inayotoka kiwandani imegandamizwa alama ndani ya plastiki yenyewe. Lakini ile tunayonunua tupu, yenye kubeba megabaiti 700, ina rangi ndani yake, na mashini inaandika kwa kuichoma ile rangi kwa mwanga. Jua na joto huifanya ififie. Juu ya rangi kuna utando mwembamba sana, mara nyingi wa fedha, na ninyi wa machimbo mnajua fedha inavyobadilika rangi. Ziko hata zilizotandikwa dhahabu ili zidumu, lakini zetu za sokoni hazikuwa hizo. Tena utando ule uko upande wa juu, pale tunapoandika jina kwa bic!

Mwaka 2003 kule Marekani kampuni ya Disney ilijaribu kuuza filamu kwenye DVD za kutupa. Ukifungua mfuko, hewa inaingia, na baada ya masaa 48 DVD inageuka nyeusi, haionyeshi tena. Watu hawakuzipenda. Lakini zile angalau zilisema ukweli juu ya kifo chao. Sidi yangu ilikufa kimya dirishani.

Si kwamba sidi ni mbaya. Ni kitunga cha kubebea mzigo kutoka hapa mpaka pale. Kosa langu lilikuwa kukifanya kitunga kuwa ghala. Na leo flash na kadi ya simu ni vitunga vilevile.

Someni Yeremia 32. Mji umezingirwa na jeshi la Babeli, nabii mwenyewe ni mfungwa, lakini ananunua shamba kwa shekeli 17 za fedha. Anafanya hati mbili, moja yenye muhuri na moja ya wazi, anaita mashahidi, kisha anaagiza ziwekwe katika chombo cha udongo zidumu siku nyingi. Alijua vita iko mlangoni, ndiyo sababu akatunza.

Sisi wa Goma tunaelewa. Tarehe 17 Januari 2002 moto wa Nyiragongo ulipita katikati ya mji. Tarehe 22 Mei 2021 ukashuka tena, na siku tano baadaye mitaa mingi iliamriwa kuhama. Nani alikuwa na nafasi ya kutafuta karatasi?

Kwa hiyo, baba na mama, fanyeni hivi:

1. Hati ya ndoa, ya parseli, diploma na picha za marehemu: wekeni nakala mbili, mahali pawili, moja kwa ndugu wa mji mwingine.

2. Karatasi ya asili msiitupe kamwe.

3. Kila mwaka fungueni sidi na flash, mhamishe vilivyomo kabla havijafa.

4. Andikeni kwa mkono majina, tarehe na mashahidi.

Na yule mjane? Mama shemasi mmoja mzee alisikia habari, akafungua sanduku lake, akaleta daftari ya shule. Tangu zamani alikuwa akiandika majina ya kila arusi ili aombee ndoa hizo. "Pasta, mimi sikutupaka kitu." Jina la mjane lilikuwamo, na tarehe, na mashahidi wawili, mmoja bado hai. Wazee walisoma, wakanyamaza. Mama akabaki kwake.

Vijana, mimi nilikuwa na ordinatere. Yule mama alikuwa na bic na upendo. Leo jioni ulizeni nyumbani: hati zetu ziko wapi?

Tuonane mwezi ujao, Mungu akipenda.