Maranda ya Jumamosi Lunga Lunga

Mtu akishuka garini Lunga Lunga siku ya Jumamosi, baada ya sala ya adhuhuri, atalakiwa na kelele alizozizoea: malori yaliyopanga foleni kungoja kuvuka kwenda Horohoro, wabadilishaji fedha wakiita wateja, na makanga wa magari ya Likoni wakigombania abiria mmoja. Lakini akiiacha barabara kuu na kuingia mitaani, kelele hizo zitafifia na atasikia sauti nyingine, ya randa ikipita juu ya ubao. Mimi niliifuata sauti hiyo, na pua nayo ikanisaidia, hata nikafika penye mkwaju mkubwa nyuma ya nyumba ya mwalimu mmoja wa shule ya msingi, ambaye ni jamaa yangu wa mbali kwa upande wa mama.

Nilikuta watu wazima saba wamefunga vikoi, maranda yamewafika vifundoni. Hakuna hata mmoja aliyekuwa seremala. Mmoja ni huyo mwalimu. Wa pili ni karani wa wakala wa forodha ambaye kuanzia Jumatatu hata Ijumaa kazi yake ni karatasi za mizigo. Wa tatu aliendesha mtambo katika machimbo ya Base Titanium hapa hapa Kwale, hata machimbo yalipofungwa Desemba 2024 baada ya madini kwisha. Yuko mwuguzi, yuko mzee mstaafu wa bandarini Mombasa, na wako vijana wawili waliomaliza masomo na bado wanangoja kazi. Hawana chama wala mwenyekiti, na daftari pekee niliyoiona ni ya deni la chai.

Desturi yao ni kwamba kila mmoja huja na alichokitengeneza na kukiweka mkekani, wenziwe wakitie ila. Siku hiyo palikuwa na mbuzi ya nazi, kigoda cha miguu mitatu, kibao cha kusukumia chapati na kitanda cha mtoto mchanga. Karani alisifiwa kigoda chake kwa kuwa ndimi zake ziliingia katika matundu bila ya gundi wala msumari. Mbuzi ya mwuguzi ilichekwa kwa sababu ilikuwa juu mno. Mzee wa bandarini alimwuliza kama aliitengenezea mkewe au twiga. Baina ya ila moja na nyingine huzungumzwa mengine yote: bei ya unga, posa ya binti wa jirani, mafuriko ya mto Umba, mtoto aliyefaulu na karo isiyopatikana. Kaimati zikaja, zikaliwa na vidole vyenye vumbi la mbao, na mimi nikala pamoja nao.

Huenda msomaji akauliza, habari ya watu wanaojipumbaza na randa ina uzito gani hata ikaandikwa gazetini? Na mimi nilidhani haina, hata niliposhuhudia magomvi ya siku ile. Lakini kwanza hapana budi nieleze ufundi huu ulifikaje chini ya mkwaju.

Sisi tuliosomea chuoni twajua kwamba mtoto wa pwani alizungukwa na kazi ya seremala tangu kuzaliwa. Alilala juu ya kitanda cha kamba, alikula nazi iliyokunwa kwa mbuzi, alikwenda msalani na mitawanda, na juzuu yake aliifungua juu ya marufaa. Marufaa ni kitu ambacho watu hukitumia miaka arubaini bila kukitazama. Ile ya asili hutoka katika ubao mmoja tu. Fundi huuchonga ubao katikati vidole vya bawaba vinavyokumbatiana, kisha huupasua unene wake kutoka ncha hii na ncha ile mpaka afike kwenye vidole hivyo. Akimaliza, ubao hufunguka kama kitabu, ukawa miguu chini na mikono juu, wala hauna kiungo kilichotiwa kutoka nje. Mwalimu wetu wa chuoni alikuwa akituambia kwamba Nabii Zakaria alikuwa seremala, na sisi watoto tukiamini kwamba bila shaka alianza kwa marufaa.

Ufundi huo ulirithiwa na mtoto kwa baba yake au kwa ami yake. Kisha serikali ilitaka uingie darasani. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985, masomo ya ufundi yalitiwa katika shule za msingi, na wazazi wakatakiwa kujenga karakana kwa harambee. Mimi nilikuwa katika kundi lile la kwanza la darasa la nane. Karakana yetu ilifika kwenye lenta ikasimama, na randa tulijifunza kwa kuichora. Naweza hata leo kuichora randa na kuandika majina ya sehemu zake zote. Kuisukuma nimejifunza mwaka huu kwa mwalimu wa Lunga Lunga. Baadaye masomo yale yalipunguzwa kwa kuonekana kuwa ni mzigo kwa watoto. Mtaala wa sasa wa umilisi umerudisha kazi za mikono, nasi sote twajua ni nani anayekesha akiifanya kazi hiyo ili mtoto aipeleke shuleni asubuhi.

Basi ufundi ulipotoka katika urithi na usikae sawasawa shuleni, ulibaki kwa wachache wenye kuuza. Na hao nao wameandamwa. Milango mingi inayowekwa leo kutoka Ukunda hadi Vanga ni ya chuma, iliyochomelewa kando ya barabara. Kabati hutoka ng'ambo, ni unga wa mbao uliogandishwa kwa gundi, likilowa mara moja huvimba kama andazi. Ni kweli kwamba tangu Julai 2022 nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zinatoza ushuru wa asilimia 35 juu ya fanicha kutoka nje, kwa nia ya kuwalinda mafundi wetu. Lakini ushuru haumlindi seremala na jirani yake mwenye mashine ya kuchomelea, wala na mteja anayetaka mlango leo jioni.

Na mbao zenyewe zatoka wapi? Mvule na mbambakofi kwa mtu wa kawaida zimekuwa majina ya kusimulia. Februari 2018 serikali ya Kenya ilipiga marufuku ukataji miti katika misitu ya umma na ya jamii. Julai 2023 Rais Ruto akatangaza kuiondoa, na jambo hilo likafikishwa mahakamani. Marufuku ile haikuhusu miti iliyo shambani mwa mtu, lakini mbao zilipopungua sokoni bei ilimpata kila mmoja. Na hata mti wa shambani, ukishapasuliwa, mbao zake hazisafiri bila ya kibali. Upande wa pili wa mpaka kuna msaji wa Longuza, Muheza, nao vilevile una karatasi zake. Mwaka 2015 Kenya, Tanzania, Uganda, Msumbiji na Madagaska zilitia saini huko Durban lile Azimio la Zanzibar la kupiga vita biashara haramu ya mazao ya misitu. Na mji kama Lunga Lunga, ambapo lori la mbao hupita usiku, ndipo mahali azimio la namna hiyo linapopimwa.

Wale wa chini ya mkwaju hawataki kuhusiana na mbao za usiku. Karani aliniambia kwa ufupi, "Mimi nakaa forodhani, ami. Sitaki kuonana na ubao wangu kazini." Wao hutumia mwembe mkongwe uliokwisha kuzaa, mkorosho ulioanguka, mwarobaini, na paleti zilizovunjika ambazo madereva huzitupa. Si jambo geni. Wachongaji wa Kikamba wa ushirika wa Changamwe nao waliuchonga muhugu mpaka ukaadimika, kisha wengi wao wakageukia mwarobaini na mwembe. Mwembe una ila zake: dumuzi huupenda, na ukianikwa juani hupasuka. Mwalimu huzipaka rangi ncha za kila ubao na kuziweka kivulini miezi kadhaa, akizipindua kama mgonjwa. Kwa subira hiyo peke yake nilimpa heshima.

Sasa nije kwenye magomvi. Alasiri ilipokaribia alitokea mtu mwembamba mwenye penseli sikioni. Huyo ndiye seremala wa kweli wa mtaa ule, mwenye banda la kukodi karibu na soko. Alitoa salamu, akaitikiwa, akaombwa aketi, asiketi.

"Mwalimu," alisema, "mimi sikuja kwa shari. Mumewapa madrasa marufaa ishirini bure. Mwenyezi Mungu awalipe. Lakini marufaa zile nilikuwa nimeshapatana bei na kamati. Ilikuwa ni kodi ya banda langu."

Mwalimu alijibu kwa upole kwamba wao hawauzi kitu, na kwamba sadaka haina mpinzani. Yule kijana mmoja, kwa ujana wake, akaongeza kuwa fundi angetengeneza kwa bei nafuu asingekimbiwa. Mzee wa bandarini alimtazama, akanyamaza.

Fundi hakumjibu kijana. Alimwambia mwalimu, "Mtu akifa usiku wa manane, nani hugongewa mlango akate viunza? Hugongewa wewe? Nyinyi mwafanya kazi hii Jumamosi, mukiwa na nafasi. Maiti hangoji Jumamosi. Mimi nikifunga banda nikaenda Ukunda kujifunza kuchomelea, mutakata viunza vya chuma?"

Hapakuwa na mtu aliyesema neno. Ndipo nikafahamu kwamba nilikuwa nimeitazama habari hii upande mmoja tu.

Msomaji wa pwani hahitaji kuelezwa kiunza. Lakini huenda hakupata kufikiri, kama nisivyofikiri mimi, kile kiunza hupatikanaje saa nane za usiku. Alipofariki mama yangu ilikuwa baada ya isha, mvua inanyesha, na alitakiwa azikwe asubuhi. Nakumbuka waliochimba, nakumbuka walioosha, nakumbuka hata aliyeleta sukari. Nilikuwa sikumkumbuka fundi. Siku ile chini ya mkwaju ndipo iliponijia sura ya mtu aliyekuja na mbao begani, amezifunika kwa gunia zisilowe, akaziweka barazani na kuondoka bila ya kudai, na nadhani hata chai hakupewa.

Kwa hivyo neno langu ni hili. Watu wale saba wanafanya jambo jema, na wale wanaosema ni upuuzi wa wenye mishahara wanakosea. Marufaa ya ubao mmoja isingekuwa wao ingekwisha mtaani pale, kwa kuwa fundi wa kuuza hana nafasi ya kuichonga kwa bei ambayo madrasa yaweza kutoa. Yeye mwenyewe alikiri kwamba zake zingekuwa za mbao mbili na bawaba ya dukani. Ujuzi waweza kuhifadhiwa na mtu mwenye Jumamosi yake. Lakini kuwapo, kugongewa na kuamka, na mbao kavu iwe tayari bandani, hakuhifadhiwi na mpenzi wa kazi. Huhifadhiwa na mtu anayekula kwa kazi ile, na mtu huyo haishi kwa viunza, kwani viunza hatozi. Huishi kwa vitanda, kwa fremu za madirisha, na kwa marufaa ishirini za madrasa. Tukimwondolea hizo kwa jina la sadaka, tumekula akiba ya maiti wetu sisi wenyewe.

Sisemi kwamba Jumamosi ya mkwaju ndiyo inayomwua fundi. Chuma na kabati la ng'ambo vimemla zaidi, na kodi ya banda haimhurumii. Lakini chuma hakimjui, na hawa wanamjua.

Magomvi hayakumalizika siku ile. Jumamosi mbili baadaye nilirudi, nikasikia kwamba wamepatana sehemu. Kila atakayepasua mti wa mwembe ataacha mbao mbili bandani kwa fundi, ziwe za viunza, ili angalau asitoe vya kwake mfukoni. Atakayetaka mbao zake zinyooshwe kwa mashine atampelekea fundi na kumlipa kama mteja yeyote. Vitanda na fremu hawatagusa, isipokuwa kwa matumizi ya nyumbani kwao. Habari ya marufaa haijaafikiwa. Mwalimu bado anashikilia kwamba mtu hawezi kuzuiwa kutoa, na fundi anasema atoe fedha, yeye achonge. Mzee wa bandarini anataka wamwite fundi awafundishe vijana wawili wale kwa malipo, na gharama wachange wote. Jambo hilo limewekwa mpaka mwisho wa mwezi, mishahara itakapotoka.

Na mimi nimeanza marufaa yangu. Ya kwanza ilikatika kwenye vidole vya bawaba, kwa sababu nilichonga kinyume cha nyuzi za mti. Fundi alipita, akaiokota, akaitazama huku na huku, akaniuliza kama mashairi yangu nayo huyakata hivyo. Akanionyesha mahali pa kuanzia, kisha akatia vile vipande viwili kikapuni mwake, akisema vyafaa kuchochea chai.