Kidonda cha Nyuzi Si Simu, Acha Kukifungua Kila Saa

Wadau wa Malindi na Kilifi, leo nasema na nyinyi mnaofungua bandeji kila asubuhi "nione kama kimepona". Mwaniudhi, na nitawaambia kwa nini.

Binamu yangu alianguka na boda pale Gede. Muundi ukapasuka, akashonwa nyuzi saba. Kufika nyumbani, kila mtu daktari! Asubuhi bandeji yatolewa, spiriti yamwagwa, kijana apiga kelele mtaa mzima wasikia. Jirani naye akaja na kapsuli, akaipasua, akanyunyiza unga juu ya nyuzi. Eti kidonda kipumue. Siku ya tano nyuzi mbili zimeachia, usaha watoka. Wiki tatu hakushika pikipiki, na mkopo wa pikipiki haungoji mguu upone.

Sasa sikiza. Kidonda safi kikishonwa vizuri, ngozi huanza kujifunga ndani ya saa 24 hadi 48. Ndiyo maana bandeji ya kwanza huachwa kama siku mbili, ikiwa kavu. Ukiifungua bila sababu, unawafungulia viini mlango ambao mwili ulikuwa unaufunga. Na spiriti haichagui: yaua viini, yachoma na nyama changa.

Baada ya hapo swali si "mara ngapi kwa siku?" Swali ni "bandeji iko hali gani?" Imelowa, imechafuka, imeachia? Nawa mikono, badilisha, hata kama ulibadilisha saa moja iliyopita. Iko kavu na safi? Wacha ikae mpaka siku uliyopangiwa. Anayeshinda juani kwenye steji ya boda Mtwapa, jasho na vumbi, hawezi kufuata ratiba moja na anayekaa chini ya feni.

Najua mtanijia: "Mbona fulani aliambiwa aende kila siku?" Sawa. Kidonda kilichoachwa wazi, chenye usaha au cha moto, hiyo ni kesi nyingine, na huko yaweza kuwa kila siku. Nyinyi mmechukua sheria ya donda wazi mkaibandika kwenye mshono mkavu. Hapo ndipo mlipopotea.

Na bahari je? Hawe wangu asema chumvi yaponya. Nampenda hawe, lakini bahari si maji ya chumvi ya hospitali. Ina viini vyake. Kaa ufuoni mpaka nyuzi zitoke na kidonda kijifunge: za uso kama siku 5, za mguu 10 hadi 14.

Wala lawama si yenu peke yenu. Mtu ashonwa, apewa risiti, aambiwa "haya, nenda". Kubadilisha bandeji hakuna aliyemweleza! Kwa hivyo usitoke mlangoni kabla ya kuuliza: Nibadilishe lini? Nyuzi zitoke lini? Sindano ya pepopunda je?

Kidonda kikizidi kuuma, kikawa cha moto, kikavimba, kikanuka, kikatoa usaha, au ukapata homa, rudi hospitali siku hiyo hiyo. Usingoje wekundu, kwa ngozi zetu hizi wakati mwingine hauonekani. Na usije kwenye komenti kuniuliza mimi.

Mtumie huyo msee wako mwenye bandeji. Kisha mwambie aiwache.