Macho ya Mtumwa Asiyeinamisha Uso

Wachoraji wengi wa sura za watu hapa kwetu hufanya kazi kwa kutazama picha ndogo ya kitambulisho. Pua, masikio na hata kovu hutoka sawasawa, lakini watu wa nyumbani wakiiona husema, "Ndiye, lakini siye." Hatuwalaumu. Picha ya kitambulisho humtaka mtu akae wima kama mlingoti na akaze macho, asionyeshe furaha wala huzuni. Mchoraji atatoa wapi kisichokuwamo?

Hebu tumtazame Velázquez wa Hispania. Mwaka 1650, akiwa Rome, alimchora mtumwa wake mwenyewe, Juan de Pareja, mtu mwenye asili ya Kiafrika. Kiwiliwili kimeelekea upande, mkono mmoja umepita mbele ya tumbo. Uso, hata hivyo, umetugeukia, na macho yanatukabili bila tabasamu na bila kuomba lolote. Asiyejua habari zake angedhani ni bwana mkubwa.

Mwaka uo huo Velázquez alimchora Papa Innocent wa Kumi. Naye ameketi akitutazama, lakini midomo ameifumba na jicho lake ni kali, kama mtu anayeshuku kwamba mgeni amekuja kumdanganya. Kiti cha fahari ni cha Papa. Utulivu ni wa mtumwa.

Mwezi wa Novemba mwaka huo Pareja aliandikiwa hati ya uhuru, kwa sharti la kutumika miaka minne zaidi. Baadaye akawa mchoraji. Katika picha yake ya mwaka 1661, ya kuitwa kwa Mtakatifu Mathayo, alijichora mwenyewe pembeni, amesimama, akitutazama vile vile. Picha ile ya kwanza iliuzwa mwaka 1970 kwa zaidi ya dola milioni 5.

Basi twawaomba wachoraji wetu wamwite mteja aje aketi, hata kwa nusu saa, wazungumze. Mzee aliyezoea kuegemea bakora na aegemee bakora yake. Mama atazamaye chini anapocheka achorwe hivyo hivyo. Bei ikipanda kidogo, wateja nao wasinung'unike.

Marehemu ni habari nyingine, kwani pengine picha ndogo ndiyo pekee iliyobaki. Hapo mchoraji na awaulize jamaa zake: alipokuwa akisikiliza habari, alikaaje, na macho aliyaelekeza wapi?