Shura ya Mammoth Cave na Wachimbaji Wasiotajwa

Baruti ya mwanzoni mwa karne ya 19 ilikuwa mchanganyiko wa makaa, kiberiti na shura, yaani chumvi ya nitrati, na kwa kuwa shura ilichukua takriban robo tatu ya mchanganyiko huo, taifa lililoikosa lilibaki na mizinga isiyolia. Marekani ilibanwa hivyo ilipoingia vitani dhidi ya Uingereza mwaka 1812, maana manowari za Waingereza zilizuia shehena za kutoka ng'ambo, ikiwemo shura ya Bara Hindi, na bei ikapanda kiasi cha kuwachangamsha wenye mapango, ambao uzalendo wao haukuwazuia kuhesabu faida.

Katika pango la Mammoth Cave, jimboni Kentucky, kazi yenyewe ilifanywa na watumwa weusi wapatao 70. Walichimba udongo gizani, wakausomba kwa mikokoteni ya maksai, wakaujaza katika mahodhi ya mbao na kuumwagia maji yaliyoingizwa kwa mabomba ya magogo yaliyotobolewa katikati. Maji hayo yalichujika yakiwa na nitrati ya kalisi, ambayo hunyonya unyevu na hivyo haifai kwa baruti. Ikabidi yasukumwe nje kwa pampu, yachanganywe na maji ya majivu ya kuni yenye potasi, kisha yachemshwe mpaka fuwele za shura zipatikane.

Vita vilipokwisha mwaka 1815 bei ilianguka, uchimbaji ukakoma, na pango likageuzwa mahali pa matembezi. Hewa kavu imeyahifadhi mahodhi na mabomba yale hata leo, tena kwato za maksai zimeacha alama zinazoonekana. Wenye mali, Charles Wilkins na Hyman Gratz, wanatajwa vitabuni, lakini majina ya wengi wa wachimbaji hayajulikani.

Yuko atakayedai kwamba majemadari ndio hushinda vita, wala si wabeba udongo. Dai hilo ni jepesi, kwa sababu jemadari asiye na baruti hana amri ya kutoa, na watu waliomwezesha kupigania uhuru wa taifa lake walikuwa wenyewe wamenyimwa uhuru. Basi mwalimu anayefundisha vita hivyo na aanze na mahodhi ya Kentucky kabla ya kufika kwenye manowari, na msomaji wa historia ya vita vyovyote na adai kuelezwa ni nani aliyechimba.