Bega la Nguruwe na Hesabu ya Saa

Zikaribiapo sikukuu ya Krismasi au siku ya kipaimara, familia nyingi za Kikristo mjini Tabora huweka akiba ili kuwaandalia wageni nyama ya nguruwe. Fedha hupatikana, nyama hupatikana na kuni pia. Kinachokosekana mara nyingi ni hesabu ya saa. Wageni hufika nyama ingali ngumu juu ya moto, na mwenye nyumba, kwa haya, huongeza kuni. Hapo nje huungua na ndani hubaki pabichi.

Mji wetu ulikua juu ya njia ya misafara itokayo Bagamoyo kwenda Ujiji. Burton na Speke, walioondoka pwani katikati ya mwaka 1857, waliingia Kaze, yaani Tabora, mwezi wa Novemba. Kiongozi wa msafara alipaswa kujua kwanza maji ya kituo kinachofuata yako wapi, ndipo aamue saa ya kuondoka. Mpishi wa karamu naye hana budi kuanza na saa ya kula, kisha ahesabu kurudi nyuma.

Bega ni kiungo chenye kano nyingi. Kano hizo hulainika pole pole kwa moto wa taratibu. Moto mkali huzikaza. Kwa pipa la chuma lililopasuliwa, likasafishwa vizuri na kuwekewa mfuniko, makaa yakae upande mmoja na nyama upande wa pili. Kuni kavu za mpera hutoa moshi mzuri. Mbao zilizopakwa rangi au dawa zisitumike kamwe. Kwa joto la nyuzi 110 hadi 120, kila kilo huhitaji saa tatu na nusu hivi. Bega zima la kilo 4 basi litataka saa 14, yaani kukesha usiku kucha. Lakini likigawanywa vipande viwili vya kilo 2, muda huwa kama saa 7, kwa kuwa joto lina safari fupi kufikia kiini.

Tuseme chakula ni saa kumi alasiri. Nyama ikatwe saa tisa na nusu. Kabla ya hapo ipumzike saa nzima ikiwa imefunikwa, ili maji yake yatulie. Basi itoke motoni saa nane na nusu. Weka saa moja ya akiba: iwe tayari saa saba na nusu. Ondoa saa 7 za kupika, utapata saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Moto uwashwe saa moja kabla ya hapo. Kama familia itakwenda kanisani, mtu mmoja abaki pipani.

Saa ya akiba si anasa. Nyama ikifika nyuzi 70 hivi hutoa jasho, na jasho hilo huipoza, hata joto lake likasimama kwa muda mrefu. Wengi hapo hudhani moto umepungua, wakauchochea. Vumilia. Imeiva pale kisu kinapoingia bila kukwama na mfupa unapolegea. Asali ya Sikonge, ukiipenda, ipakwe nusu saa ya mwisho tu, maana huungua upesi.

Haraka hapa yaweza kuleta maradhi. Nyama isiyoiva huweza kumpa mlaji tegu. Mayai ya tegu huyo, yatokayo na choo cha mgonjwa, yakiingia katika chakula kwa mikono isiyonawiwa, huweza kufika ubongoni na kusababisha kifafa. Kwa hiyo nunua nyama iliyokaguliwa na bwana afya, na ukiona vifuko vyeupe mfano wa punje za mchele, usiichukue. Iliyobaki baada ya karamu isikae mezani zaidi ya saa mbili.

Tukumbuke pia kwamba karamu ya Tabora ni ya majirani wote. Kwa wageni Waislamu, mbuzi achinjwe na Mwislamu, apikwe kwa jiko, sufuria na visu vya peke yake. Afadhali nyumbani kwa jirani Mwislamu mwenyewe. Naye ana saa zake: Tabora iko mita 1,200 hivi juu ya bahari, maji huchemka kwenye nyuzi 96, na mchuzi wa mbuzi au maharage huchelewa kuliko Dar es Salaam. Mambo haya yote yaandikwe katika karatasi moja Jumamosi jioni, kila kazi na saa yake na jina la mwenye kuifanya, ili Jumapili mama mwenye nyumba naye apate kuketi na wageni wake.